Mkuu USIKAZE tapeti mpaka zinyamaze (yamenikuta kwenye DX)

Mkuu weka hiyo spana chini kwanza. Hapo uliposema tapeti zako (zile skrubu za juu ya injini zinazoseti nafasi ya valvu) zinapiga kelele na fundi kakwambia uzikaze taratibu injini ikiwa inaunguruma mpaka kelele ziishe nimeshtuka, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo enzi nina Toyota Corolla DX yangu, injini 4K, na nikajiona mhandisi kabisa.

Nikakaza zote nane. Kimya! Cherehani. Nikamwita mama watoto aje asikilize. Wiki ya kwanza raha, ya pili ikiwa imesimama inatetemeka kama ina malaria, mlima naupanda na gia namba mbili, nikabadilisha plagi, nikabadilisha waya zake, nikasafisha kabureta, wapi. Mzee mmoja gereji akachana kipande cha gazeti akakishika karibu na mdomo wa bomba la egzosi, kikawa kinapulizwa, kinapulizwa, halafu kinavutwa kurudi kwenye bomba. Akasema hiyo valvu imeungua, hata boneti hajafungua. Hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu) ilipovuliwa, valvu ya egzosi ya silinda ya tatu ukingo umelika kama mkate ulioonjwa na panya.

Iko hivi, ile valvu inapoa ikikaa kwenye siti yake, pale inapokalia ikifunga. Ikishika moto inarefuka, sasa kama hujaiachia nafasi haifungi mpaka mwisho, inabaki wazi unywele tu, na moto wote unapita hapo hapo kila mzunguko. Ukingo wa valvu unaungua taratibu huku wewe unafurahia ukimya.

Valvu, gasketi ya hedi, kusaga siti, ufundi, laki tatu na ushee ikaenda. Yule fundi nilipomfuata ananiambia eti gari ilikuwa imechoka. Imechoka! Aliyechoka ni mimi mzee.

Kwa hiyo FILA GEJI (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), masikio hayapimi. 4K inapimwa injini ikiwa ya moto lakini imezimwa, nafasi ya valvu ya inteki (ya kuingiza) 0.20 mm, ya egzosi (ya kutoa moshi) 0.30 mm, geji iteleze huku inakwaruza kidogo. Ukikaza loki nati (nati inayofunga tapeti isilegee) ile skrubu inazunguka nayo na nafasi inapungua, ishikilie na bisibisi halafu upime TENA, hapa ndipo wengi wanaumia. Silinda 1 unaiseti pale roka za 4 (ile mikono inayosukuma valvu) zinapishana, moja inafunga nyingine inaanza kufungua, na 4 unaiseti zikipishana za 1. 2 na 3 hivyo hivyo. Na kama injini yako sio 4K usichukue namba zangu, tafuta zake, kuna zinazopimwa baridi na kuna za haidroliki ambazo haziguswi hivi kabisa.

Ikibaki inalia tik tik kidogo iache ilie, mimi yangu ililia hivyo mpaka naiuza.

Uliuliza na gundi ya kava ya valvu sijui na oili gani, hayo wadau watakuja. Ila nijibu, fila geji unayo? Kama huna hata kava usifungue.