Ripoti ya mishipa ya shingo usiifungie maandazi

Umepigwa CT ya shingo, yaani picha za mionzi zinazoonyesha ndani ya mwili, na ripoti inasema mshipa wako fulani wa damu umeanzia mahali pasipo pa kawaida. Usianze kuwaaga ndugu. Lakini karatasi hiyo itunze kama hati ya kiwanja.

Haya nimeyajua kwa kumsindikiza mama mdogo wangu wa Naliendele hospitali hapa Mtwara. Alikuwa na rovu, na vyakula vikavu vilikuwa vikimkwama: ming'oko, muhogo wa kuchoma, hata wali usio na mchuzi. Sote tulilisingizia rovu. CT ikaonyesha kwamba mshipa unaopeleka damu mkono wa kulia umechipuka upande wa kushoto, mwisho wa upinde wa aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ukakatiza nyuma ya umio, yaani njia ya chakula, kwenda kulia. Tonge likishuka linabanwa hapo. Kwa watu 100 utampata mmoja hivi mwenye umbile hilo, na wengi wao hawasikii chochote maisha yao yote.

Nyumbani kuna aliyesema amerogwa. Hapana. Katika wiki za mwanzo za mimba mishipa hii huwa mingi, kwa jozi. Mingine hunyauka, mingine hubaki, na kwa baadhi yetu hunyauka ule ambao kwa wengine hubaki. Hata pete ya mishipa chini ya ubongo, aliyoieleza daktari Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, kwa wengi wetu haijatimia kama ilivyochorwa vitabuni.

Kumeza hakukuhitaji kisu: tonge dogo, kutafuna vizuri, mchuzi wa kutosha. Thamani ya ripoti tuliiona ulipopangwa upasuaji wa rovu. Daktari aliisoma, akageuza bahasha na kutuchorea. Kwa kawaida neva ya sauti ya upande wa kulia hushuka, huuzunguka mshipa ule wa mkono, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Mshipa usipokuwa mahali pake, neva haina cha kuzunguka, hivyo hukatiza moja kwa moja shingoni kando ya tezi, ile inayovimba ikawa rovu. Mpasuaji asiyejua anaweza kuikata, na mgonjwa akaamka sauti imekauka. Mama mdogo anauza samaki. Sauti ndiyo mtaji wake. Neva ilitafutwa ilipo, na mpaka leo anawapigia wateja kelele kama zamani.

Hapo ndipo nikawa mkali kuhusu kukata vimeo. Kwa baadhi ya watu mshipa wa karotidi, unaopeleka damu ubongoni, hujipinda ukalala nyuma tu ya ukuta wa koo, na anayemkata mtoto kimeo uani hajui kilichoko nyuma ya kisu chake. Kikohozi kisichoisha kipelekwe hospitali.

Basi idara ya mionzi waombe ripoti iliyoandikwa pamoja na CD ya picha. Ionyeshe kabla ya upasuaji wa tezi, kabla ya kutobolewa koo, na hata kabla ya kipimo cha mishipa ya moyo kinachopitishwa kifundo cha mkono wa kulia, maana kwa mtu kama mama mdogo njia hiyo ina kona mbaya. Ya kwake nimeipiga picha. Iko kwenye simu yangu na ya binti yake, kwa sababu yeye mwenyewe anatumia kitochi na hataki kusikia habari ya simu nyingine.