Maswali na majibu: Acheni kusugua penseli za zamani

Nimepata penseli ya fedha ya S. Mordan & Co., imeingia weusi. Niing'arishe kwa dawa gani?

Usiing'arishe. Nimelisema hili mara nyingi, na bado naletewa penseli zilizosuguliwa mpaka zimekuwa laini kama sabuni. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya penseli ya kusukuma risasi, yaani kijiti cheusi cha kuandikia, Uingereza mwaka 1822, na penseli zilizofuata tunazisoma kwa mihuri yake: simba anayetembea ni ushahidi kwamba fedha ni halisi, na herufi ya mwaka ndiyo inayokupa umri. Alama hizo zimegongwa juu juu tu, na kila dawa ya kung'arishia inakula kidogo. Mimi niliwahi kumwachia sonara penseli yangu moja arekebishe pete iliyolegea. Akanirudishia inametameta. Nikaiweka chini ya lenzi: simba amebaki mgongo na mkia, herufi ya mwaka imekuwa doa. Mpaka leo sijui ilitengenezwa lini, na hakuna wa kuniambia. Weusi ulioko kwenye mifereji ya nakshi ndio unaoifanya nakshi ionekane, uacheni. Kitambaa laini cha pamba, kikavu, kinatosha.

Risasi ya 0.5 mm itafaa kwenye penseli ya Eversharp ya miaka ya 1920?

Haifai. Nyingi za wakati ule hutumia risasi yenye unene wa 1.18 mm. Pima kwanza, ndipo ununue.

Penseli yangu ya kuzungusha imekwama. Nitumie koleo?

Weka koleo chini! Mara nyingi kilichokwama ni kipande cha risasi mdomoni. Kisukume taratibu kwa waya mwembamba, ukianzia mbele. Na kama mwili wake ni wa seluloidi, plastiki ya zamani, usiisogeze karibu na spiriti, maji ya moto wala jua la dirishani. Seluloidi hulainika na kupinda, na ikishapinda hainyooki tena.

Ni kweli kampuni ya Sharp ilianza na penseli?

Jina limetoka huko. Tokuji Hayakawa, mwanzilishi wake, alitengeneza penseli yake Tokyo mwaka 1915. Tetemeko la 1923 likamwangamizia kiwanda na kumwulia mke na watoto, naye akahamia Osaka kuanza upya. Mwaka 1925 alikuwa tayari anatengeneza redio. Kwa hiyo penseli alizitengeneza miaka michache tu; anayekuuzia penseli ya Kijapani kwa jina la Hayakawa, mdai picha ya maandishi yaliyochongwa kabla hujatoa hata senti.

Yangu ina thamani gani?

Hukuleta picha ya mihuri, hukutaja urefu, hukutaja unene wa risasi. Leta hivyo vitatu.

Kwa nini penseli ya Yard-O-Led inaitwa hivyo?

Za zamani zilibeba risasi 12, kila moja ya inchi 3. Zipange mstari mmoja, unapata yadi kamili, inchi 36: "yard" ni yadi, na "led" ni "lead", risasi kwa Kiingereza. Ukinunua iliyotumika, ifungue uzihesabu: zilizobaki ndani huwa ni za unene sahihi, zitakuongoza unapotafuta nyingine.