Msumeno unaunguza mninga

Swali: Shikamoo mzee. Msumeno wangu wa umeme wa kukatia pembe za fremu unaunguza mninga, na vipande vidogo vinarushwa. Nifanyeje?
Seremala kijana, Morogoro

Jibu: Marahaba mwanangu. Chomoa plagi kwanza. Swichi peke yake usiiamini. Fungua diski, iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, sugua utomvu kwenye meno kwa mswaki mkuukuu, kisha ikaushe kabisa. Ikiendelea kuunguza, ni butu, ipeleke ikanolewe.

Vipande kurushwa ni haraka yako. Ukimaliza kukata, achia swichi, diski isimame huko huko chini, ndipo uinue. Kipande kisichofika shibiri kibane kwa klampu. Na glovu vua, hata mbao ikiwa na vibanzi. Yangu ilinaswa uzi mmoja tu. Ukucha wa dole gumba la kushoto haujaota sawa mpaka leo.