Kwa nini seva za Kasulu zinaonekana pia katika kundi la Kigoma

Ndugu, umeuliza kwa nini seva za Kasulu zinaingia pia katika kundi la Kigoma; sababu ni kwamba Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya seva, haisimami kwenye kanuni ya kwanza inayolingana: kila kanuni ya usajili wa moja kwa moja (ile inayoingiza seva mpya kwenye Zabbix yenyewe bila kuingizwa kwa mkono) ambayo masharti yake yametimia hutekelezwa, na sharti la "ina maneno haya" hutafuta kipande cha neno popote kilipo. Kwa kuwa umeandika HostMetadata=kigoma-kasulu, yaani alama ya kuitambulisha seva, kwenye faili la mipangilio la wakala (programu ndogo ya Zabbix iliyo kwenye seva hiyo), kanuni inayotafuta "kigoma" inaikamata seva hiyo sawasawa na ile inayotafuta "kasulu", nayo inaingizwa katika makundi yote mawili. Mtego huu ni wa zamani: anayetafuta "win" ili apate mashine zenye alama "windows" atazikusanya na zenye alama "darwin" (mfumo wa kompyuta za Mac).

Ongeza kwenye kanuni ya Kigoma sharti la pili, "haina kasulu", au, na hili ndilo ninalolipendelea kwenye seva ninazozisimamia hapa Tabora, wape mawakala alama zisizobebana kama vile kgm-mji na ksl-mji, kwa sababu utakapofungua Kibondo na Uvinza hutalazimika kurudi kurekebisha kila kanuni.

Angalia jambo moja: kurekebisha kanuni hakuziondoi seva zilizokwisha kusajiliwa katika kundi lisilo lake, kwa hiyo hizo uzitoe mwenyewe kwa mkono. Ukibadilisha alama, mwanzishe wakala upya ili aisome.