Mtoto wa miezi 10 anaharisha: usimkatie ziwa

Pole sana dada. Umesema anaharisha tangu jana, na mama mkwe anataka umnyime ziwa na uji mpaka tumbo litulie. Bibi anampenda mjukuu wake, ila kwa hili naomba usimfuate. Mnyonyeshe kuliko kawaida, na uji mpe kidogo kidogo mara nyingi. Kinachomdhuru mtoto upesi ni maji yanayomtoka mwilini.

Nenda duka la dawa uulize ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) na vidonge vya zinki. Soma pakiti kwanza, maana nyingi ni za lita 1 lakini zipo za nusu lita, na kipimo kikikosewa haimsaidii. Chupa tupu ya maji ya lita 1 inatosha kupimia. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, na sukari usiongeze. Kila akiharisha, mnyweshe robo hadi nusu kikombe kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee polepole zaidi. Inayobaki baada ya saa 24, mwaga.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata choo kikikaza mapema. Wengi tunaikatisha siku ya tatu, jamani tusifanye hivyo.

Dawa za kufunga choo usimpe kabisa. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, mpeleke kituo cha afya hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.