Je, nchi za Baltiki zilijiunga kwa hiari?

Ndugu, umeuliza kwa nini tuseme Estonia, Latvia na Lithuania zilinyakuliwa mwaka 1940 ilhali mabunge yao yenyewe ndiyo yaliyoomba kujiunga na Umoja wa Kisovieti. Maombi yalikuwepo, ila tazama yalivyopatikana. Tarehe 23 Agosti 1939 Moscow na Berlin zilitia saini mkataba wa kutoshambuliana ambao kiambatisho chake cha siri kiliigawa Ulaya ya Mashariki. Septemba na Oktoba nchi hizo tatu zikalazimishwa kupokea kambi za jeshi la Kisovieti, na Juni 1940 zikapewa makataa ya saa chache tu kukubali majeshi zaidi na serikali mpya. Rais wa Latvia, Kārlis Ulmanis, aliwaambia wananchi redioni kwamba yeye atabaki mahali pake, nao wabaki mahali pao. Mwaka 1942 alifia kifungoni, mbali na kwao. Uchaguzi wa Julai ulikuwa na orodha moja tu ya wagombea, wapinzani wakiwa wamezuiwa, na suala la kujiunga (hili watu hulisahau) halikuwemo katika ilani waliyopigiwa kura. Mabunge hayo ndiyo yaliyoomba, na Agosti yakakubaliwa. Marekani haikuutambua unyakuzi huo hata mara moja, na Moscow yenyewe ilikiri kuwapo kwa kiambatisho kile Desemba 1989, baada ya kukikana kwa miongo kadhaa.