Kabla ya kuwapa wanafunzi mradi, ufanye wewe kwanza

Nilirudi kutoka semina ya siku mbili ya kufundisha kwa miradi nikiwa na cheti, begi na imani kubwa. Mwezeshaji alituonyesha picha za miradi mizuri, tukanakili. Jumatatu nikawaagiza kidato cha pili watengeneze kichujio cha maji. Baada ya wiki tatu vikaja vichujio vinang'aa, vitatu vimefanana hadi rangi. Kumbe mzazi mmoja alimpata fundi Buguruni, wenzake wakafuata. Siku ile nilimsahihishia fundi.

Watoto sikuwalaumu. Mimi mwenyewe sikuwahi kufanya mradi hata mmoja, si shuleni wala chuoni. Nilikuwa nafundisha kupika pilau kwa kuangalia picha.

Basi walimu watano tukaamua saa zetu za MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tusizimalize kwa kusomeana moduli. Tukafanya mradi wetu: bomba la nyuma ya vyoo linamwaga maji kiasi gani? Tukakinga ndoo ya lita 20, ikajaa kwa dakika 40. Mwalimu wa hesabu akapiga palepale: ndoo 36 kwa siku, lita 720, kwa mwezi uniti 21 na ushee (uniti moja ni lita 1,000). Tukapongezana. Ndipo madam wa jiografia akauliza, na usiku presha ikipanda? Kimya. Tukamwomba mlinzi apime saa nane usiku, ndoo ikajaa kwa dakika 25. Hesabu ikaanza upya.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo ambayo semina haikunipa. Kwanza, swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake huwezi kumpelekea fundi. Pili, kati yetu watano waliofanya kazi ni wawili, na mimi sikuwemo! Kama watu wazima tunategeana, sembuse darasa la wanafunzi 80? Tangu hapo kila mwanafunzi ana kurasa zake za mradi kwenye daftari, na kazi inafanyika ndani ya kipindi, siyo nyumbani. Kabla ya kutoa alama naita yeyote kwenye kundi anieleze walipataje namba zao.

Mwalimu mmoja mkongwe alitucheka, akasema Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kwamba wanafunzi wajifunze kwa kufanya kazi, pamoja na shamba la shule, nyie mnaona mpya. Kweli, ila wengi wetu shamba la shule tulilijua kama adhabu.

Ukianza, mradi mmoja kwa muhula unatosha, na uutundike kwenye mada iliyomo kwenye muhtasari, maana mwalimu wa taaluma atauliza. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa aandike nani anafanya kazi na nani anachungulia, kisha mzungumze wawili tu, bila mkuu wa shule.

Mradi wa pili, kwenye mada ya takwimu, wanafunzi walichagua swali wenyewe: asubuhi, daladala ngapi hupita kituoni kabla konda hajakubali kupakia mwanafunzi? Walihesabu siku tano. Siku ya tatu mvua ilinyesha, namba zikavurugika, wakabishana vipindi viwili kama waifute au waiache. Sikuwajibia.